Kizio Hakina Anwani: Nilivyolikata Bonde la Kikuletwa Mara Tatu

Vipande 4,812.

Namba hiyo ilitokea kwenye kioo cha laptopu yangu saa nane usiku, kwenye chumba nilichopanga Majengo, Moshi, nikafurahi kama mtu aliyeliona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Nilikuwa nimeligawa bonde zima la Kikuletwa, kuanzia Meru na Kilimanjaro mpaka mto unapoingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kuwa vipande 4,812 vya ardhi inayofanana. Nikapiga picha, nikamtumia mwenzangu wa darasani. Akajibu neno moja: "Duh!" Nikadhani ananisifu.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Kazi ya mkataba nilikuwa nimeiacha, ada nalipa mwenyewe kwa awamu, na nyumbani nimewaahidi kwamba mpaka Desemba nitakuwa nimemaliza. Nilimaliza, ila Desemba ya mwaka uliofuata. Miezi tisa katika hiyo iliyozidi imeliwa na jambo moja tu, namna nilivyolikata bonde. Ndiyo maana naandika.

Kwa asiyeijua kazi hii: modeli ya maji haiwezi kuhesabu kinachotokea kwenye kila mita ya bonde. Kwa hiyo unatafuta sehemu ambazo mvua ikizinyeshea zitafanya jambo lile lile, yaani udongo wake utanyonya kiasi kile kile, mimea yake itakunywa kwa kasi ile ile, na kinachobaki kitakimbilia mtoni kwa namna moja. Hizo unazitia kapu moja na kuzihesabu kwa pamoja. Wazo lenyewe lina miaka mingi. Modeli ya Kimarekani iitwayo PRMS ilikuwa inalitumia tangu 1983. Kwenye SWAT, modeli niliyotumia mimi, iliyotengenezwa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani kule Texas, kapu hilo huitwa HRU. Mimi nitaliita kizio. Programu huchukua ramani ya matumizi ya ardhi, ya udongo na ya mteremko, ikazibandika moja juu ya nyingine, na kila mchanganyiko unaojitokeza ndani ya kijidakio kimoja, yaani kibonde kidogo chenye mto wake ndani ya bonde kubwa, unakuwa kizio. Msitu juu ya udongo wa volkano kwenye mteremko mkali ni kizio. Msitu ule ule na udongo ule ule kwenye mteremko wa wastani ni kizio kingine. Ukiiachia ikate bila kuiwekea kizingiti, inakata kama mtu anayekatakata kachumbari.

Nami niliiachia. Niliamini vipande vingi ndiyo usahihi mwingi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu kwamba ramani yenye rangi nyingi inapendeza.

Adhabu ilikuja kwenye kusawazisha. Hapo modeli unaiendesha mara mamia, kila mara umebadilisha vigezo kidogo, ukilinganisha mto wa kwenye kompyuta na mto uliopimwa kweli. Modeli yangu ilichukua dakika 11 kuendeshwa mara moja. Mara 500 ni saa kama 92, siku nne usiku na mchana, na umeme wa mtaani kwetu hukatika bila hodi. Jaribio la kwanza lilikatika siku ya pili. La tatu lilifika siku ya nne alasiri, feni ya laptopu ikawa inaunguruma kama mashine ya kusaga, halafu kioo kikawa cheusi. Fundi wa pale stendi aliifungua, akaniuliza, "Dada, hii ulikuwa unapikia?" Betri, feni na kazi yake vikanitoa shilingi 185,000, pesa niliyokuwa nimeitenga kwa safari za kwenda kupima udongo.

Nikakimbilia upande wa pili. Programu inakuruhusu kuweka kizingiti: matumizi yoyote ya ardhi yaliyo chini ya asilimia fulani ya kijidakio yanafutwa, na eneo lake wanagawana wakubwa. Nikaweka asilimia 20 kila mahali, kwenye ardhi, udongo na mteremko. Vizio vikashuka hadi 391 na modeli ikaenda chini ya dakika moja. Nilipompelekea msimamizi wangu, alivuta kiti, akaitazama sehemu ya chini ya ramani, akauliza kwa upole wake ule unaoumiza kuliko kufokewa: "Mpunga wa huku umeenda wapi?"

Ulikuwa umefutwa. Mashamba ya umwagiliaji ya tambarare ni madogo ukiyalinganisha na malisho na mahindi yanayoyazunguka, ila ndiyo yanayokunywa maji kuliko jirani yeyote. Misitu myembamba ya kingo za mito nayo ilikwenda na maji. Nilichokuja kukijua baadaye, na ambacho kingeniokolea wiki tatu, ni kwamba programu ina sehemu ya kusamehe: unaitajia matumizi ya ardhi ambayo hayaguswi na kizingiti hata yawe madogo vipi. Kwa hiyo kabla hujaweka asilimia yoyote, kaa na kalamu uandike nani anakunywa maji mengi kwenye bonde lako, wakubwa kwa wadogo, kisha hao uwasamehe. Ukimaliza, linganisha jedwali la maeneo kabla na baada ya kukata. Mimi jedwali hilo nililiona likitokea kila mara na kila mara nikalifunga.

Kabla sijafika kwenye jambo kubwa, niseme kidogo kuhusu geji, yaani kituo cha kupimia mto, maana hapo nilipoteza wiki sita za aibu tupu.

Mto unapimwa kwenye kituo, ambapo pamesimikwa ubao wenye namba na mtu wa kijijini anausoma kila siku. Bonde lako unalikata kuanzia pale kituo kilipo kurudi juu. Viwianishi vya kituo changu kimoja nilivipata kwenye faili la zamani, nikaviingiza. Programu ikakisogeza kituo hadi kwenye mto ulio karibu, kama inavyofanya siku zote, ikachora bonde. Nikaendelea na maisha. Wiki sita nikawa napigana na modeli inayotoa maji kidogo mno. Nikaongeza mvua, nikapunguza kiu ya mimea, nikabadilisha udongo. Siku moja nikiwa naperuzi faili lile lile nikaona wameandika na eneo la bonde linalolisha kituo. La kwangu halikufika hata robo yake.

Ramani zetu za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS na satelaiti zinatumia WGS 84. Namba zinafanana sura, wala huwezi kuzitofautisha kwa macho, ila ukisoma namba za mfumo wa kwanza kana kwamba ni za huo wa pili, kwa huku kwetu kituo kinaruka karibu mita 300 kwenda kaskazini. Milimani, ambako mito inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, unaweza usigundue. Tambarare, ambako Kikuletwa inapita ikitokea magharibi kwenda mashariki, mita 300 zilitosha kukiondoa kituo mtoni na kukitupa kwenye kijito kinachoingilia pembeni. Kwa hiyo wiki zote hizo nilikuwa nakisawazisha kijito. Siku hizi kitu cha kwanza ninachofanya nikimaliza kuchora bonde ni kulinganisha eneo lake na lile lililoandikwa kwenye faili la kituo. Inachukua dakika mbili.

Huko huko tambarare, programu ilinichorea mito iliyonyooka kama rula, imepangana sambamba. Ramani ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa chombo cha anga mwaka 2000, haioni tofauti ya nusu mita, na kwenye ardhi bapa nusu mita ndiyo inayoamua mto upite wapi. Dawa yake ni kuichonga mito halisi ndani ya ramani kabla ya kukata. Hilo lilinichukua siku mbili, likaisha.

Basi. Mpaka Agosti nikawa na vizio 412, mpunga umerudi, geji iko mahali pake, na alama ya Nash na Sutcliffe ni 0.71. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 1970: 1 maana yake modeli imeufuata mto bila kosa, 0 maana yake ungeweza kuandika tu wastani wa mto kila siku ukapata matokeo yale yale. Kwa 0.71 watu wanafanyiwa mahafali. Nilishaanza kuandika shukrani.

Msimamizi akasema, "Nzuri. Sasa nenda ukaione." Nikaona ananichelewesha.

Nilipanda daladala mpaka njia panda ya Machame, nikachukua nyingine ya kwenda juu, kisha bodaboda, kisha miguu. Mfukoni nina ramani ya vizio niliyochapisha kwa rangi, shilingi 3,000 kwa karatasi moja kubwa. Nilipofika kwenye banio la mfereji mmoja nilimkuta mzee amekunja suruali, yuko ndani ya maji mpaka magotini, anaziba pengo kwa mawe na vipande vya mgomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na bodi ya maji? Kibali tunacho."

"Hapana mzee, mimi ni mwanafunzi tu."

"Ah, basi karibu. Shika hili jiwe."

Nikavua viatu, nikashika jiwe. Tulipomaliza alinipeleka kwake, hatua chache chini ya mfereji, nikaikunjua ramani juu ya benchi. Aliizungusha mara mbili, akauliza nyumba yake iko wapi. Nikamwonyesha. Rangi ya kijani iliyokolea.

"Hii kijani ni nini?"

"Ni msitu, mzee."

Alinitazama, akaitazama migomba, kahawa chini yake, mringaringa na mgrevilea juu yake, kisha akaita kuelekea jikoni: "Mama! Njoo uone, huyu binti ametuhamishia msituni!" Bibi akaja anafuta mikono kwenye khanga, wakacheka mpaka nami nikacheka. Halafu mzee akaacha kucheka, akaelekeza kidole kwenye maji yanayopita nyuma ya nyumba. "Na haya umeyaweka wapi?"

Nilikuwa sijayaweka popote.

Shamba kama lile la mzee, migomba na kahawa chini ya miti kuizunguka nyumba, huitwa kihamba, na kinachoonekana kutoka juu yake ni majani ya miti. Satelaiti inaona kijani mwaka mzima, tabaka juu ya tabaka, inasema msitu. Ukanda mzima wa vihamba, Machame, Kibosho, Old Moshi, kwenye ramani niliyoipakua ulikuwa umeungana na msitu wa hifadhi ulio juu yake. Na kwa sababu ni msitu, modeli haikuwa na sababu ya kuupa mfereji. Kumbe kihamba kinafanana na msitu kwa jambo moja tu, kivuli. Kwenye maji vinatofautiana kama mwenyeji na mgeni. Msitu unapokea mvua na ukungu, unanyonya, unaachia polepole. Kihamba kinapokea mvua, kisha wakati wa kiangazi kinachukua maji ya mto juu yake kupitia mfereji, mengine yanaishia kwenye migomba, mengine yanazama ardhini, na yaliyobaki yanarudi mtoni, tena mara nyingine si mto ule yalikotoka, maana mfereji unafuata mgongo wa kilima na unaweza kuvuka mpaka wa bonde.

Niliomba chungwa. Mzee akadhani nina njaa. Nilipima mita kumi za mfereji kwa hatua na kamba, nikalitupa chungwa, nikahesabu kwa simu: sekunde 22. Upana sentimita 60, kina sentimita 25, ukipunguza kidogo kwa sababu maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini, unapata kama lita 58 kwa sekunde. Mfereji mmoja. Nilipoteremka tena kwenye banio, mto chini yake niliuvuka kwa kukanyaga mawe, ndala zangu hazikulowa.

Hapo ndipo nilipojiuliza 0.71 yangu ilikuwa inapima nini. Alama ile inazidisha kila kosa kwa lenyewe, kwa hiyo makosa ya siku za mafuriko ndiyo yanayotawala hesabu. Ukiipatia masika vizuri, unaweza kuikosea Agosti yote na bado ukapongezwa. Agosti yangu ilikuwa imepatikana kwa hila: kwa kuwa hakukuwa na mfereji wa kuyaondoa maji, usawazishaji ulikuwa umeyazamisha chini ya ardhi kwa kigezo fulani na kuyasahau huko. Mto ulifanana, sababu zilikuwa za uongo. Na mtu akitumia modeli hiyo kujibu swali la vibali vya maji, kuna mwenye kihamba atakayelipia uongo huo.

Nilirudi Moshi nikafuta kila kitu. Sitadanganya, nililia kwanza.

Safari hii sikuanza na programu. Nilichukua daftari nikajiuliza, mvua ikinyesha hapa, maji yanafanya nini? Jibu la kwanza ambalo mlima unakupa ni urefu wake. Kutoka kilele cha Kibo, mita 5,895, mpaka mjini Moshi kwenye mita mia nane na kitu, hazizidi kilomita 40. Katikati hapo, kwenye msitu wa upande wa kusini, mvua ya mwaka inazidi milimita 2,000. Tambarare unaweza usipate hata 600. Sasa SWAT inakipa kila kijidakio mvua ya kituo kimoja, kile kilicho karibu na kitovu chake. Vijidakio vyangu vya mwanzo vilikuwa virefu kama tai, kichwa msituni, ncha kwenye mahindi, vyote vinanyeshewa mvua moja. Hata ukiwa na vizio elfu ndani yake, mvua ni ile ile. Kwa hiyo niliongeza sehemu za kukatia bonde kwa mkono, pale msitu unapoishia na pale vihamba vinapoishia, ili kila kijidakio kikae kwenye ukanda wake, na huko juu kabisa nikaongeza kanda za mwinuko ambazo modeli inaziruhusu, hadi kumi kwa kila kijidakio. Pasipo na kituo cha mvua nilitumia mvua ya satelaiti ya CHIRPS, inayoanzia 1981, nikiilinganisha na vituo vilivyopo. Kwenye miteremko mikali usiimeze nzima nzima.

Kisha vihamba. Nilivitenga na msitu kwa kuchora mpaka kwa mkono juu ya picha ya satelaiti, siku kumi na moja za kuumiza macho, nikisaidiwa na ukweli kwamba nyumba zinaonekana kati ya miti na kwamba mpaka wa hifadhi unajulikana. Orodha ya mimea ya SWAT ina migomba na ina kahawa, ila kila mmoja peke yake, hakuna kihamba. Nikatengeneza mmea wangu, nikavigawa vihamba vyenye mfereji na visivyo na mfereji, kwa kuuliza viongozi wa jumuiya za watumia maji. Hao ndio hazina. Nenda na muda, nenda na heshima, na usianze na dodoso.

Jambo moja nililielewa hapo tu, ingawa lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo tangu siku ya kwanza. Ndani ya kijidakio, kizio hakina anwani. Modeli inajua kuna hekta kadhaa za msitu na hekta kadhaa za kihamba, haijui nani yuko juu ya nani. Maji ya kila kizio yanakwenda moja kwa moja kwenye mto. Ya msituni hayapiti kihambani. Kwa bonde la tambarare huenda si neno. Kwa mlima ambao kila kitu kinateremka juu ya kingine, ni kasoro, na ndiyo maana kukata vijidakio kwa kanda za urefu kulinisaidia: angalau kati ya kijidakio na kijidakio, juu na chini vinajulikana. Toleo jipya, SWAT+, linaruhusu maji ya ukanda wa juu yaupitie wa chini kabla ya kufika mtoni. Anayeanza leo aanzie huko, mimi nilishachelewa.

Nilibaki na vizio 164. Alama ikashuka kutoka 0.71 hadi 0.63. Nilimpelekea msimamizi nikiwa nimejiandaa kujitetea. Nikamwonyesha Agosti na Septemba peke yake, mistari miwili inavyokwenda pamoja mto ukiwa mdogo, na mfereji ukiwamo. Alinyamaza kidogo, akasema niandike yote mawili, alama iliyoshuka na sababu yake. Mmoja wa watahini aliniuliza kwa nini nimechagua modeli yenye alama ndogo. Nikamsimulia habari za chungwa.

Kuna kitu sijakimaliza. Chini huko, Chemka na chemchemi za Rundugai zinatoa maji mwaka mzima katikati ya ardhi kame, na ndiyo yanayoifanya Kikuletwa iwe na mwili wakati wa kiangazi. Mvua iliyoyaleta ilinyesha mbali, juu ya mlima, ikapita chini ya mipaka yote niliyoichora. Hakuna kizio hata kimoja kati ya 164 kinachoweza kuyazaa maji yale. Kwa hiyo kwenye modeli yangu Chemka ni kama bomba nililolifungulia kwa mkono, namba moja kila siku, masika na kiangazi. Mwezi uliopita nilikwenda tena pale. Vijana walikuwa wananing'inia kwenye kamba na kujitupa majini, maji yako wazi mpaka unaona samaki wakikimbia, nami nimekaa kwenye mzizi, chungwa mkononi, natafuta mahali panaponyooka mita kumi.